Dawa za Ebola, bahati na hesabu: namna gani watafiti walijua dawa ipi inaponyesha

Tarehe 12 Agosti 2019, wakuu wa afya wa Kongo pamoja na washirika wao walitangaza habari ambayo watu wa Beni na Butembo walikuwa wanaingojea tangu mwaka mzima. Kati ya dawa nne za Ebola zilizokuwa zinajaribiwa Kivu Kaskazini, mbili zilikuwa zinaokoa watu wengi kuliko zingine. Zile mbili zingine zikaachwa. Siku nne tu baadaye, tarehe 16 Agosti, ikatangazwa kwamba Ebola imefika Kivu Kusini: mama mmoja na mtoto wake, kule Mwenga. Kwa wakaaji wa Bukavu ugonjwa haukuwa tena habari ya mbali, na swali likawa moja: ile dawa ni kweli inaponyesha, ama ni maneno tu ya watu wa miradi?

Swali la namna hiyo lina njia yake ya kulijibu. Wanafunzi wa vyuo vya Bukavu, kama UOB, UCB ama ISP, wanaikuta katika kozi ya statistiki chini ya jina la kupima ipotezi. Wengi wanakariri fomula, wanapita mtihani, kisha wanasahau. Ni hasara, sababu moja kati ya mifano mizuri sana ya hesabu hiyo duniani ilifanyika hapa mashariki mwa Kongo, na ilipewa hata jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Katika vitabu vya waganga wanaiandika kwa kifupi PALM.

Sahani nane za maharagi

Kabla ya kufika Beni, tuanze jikoni. Bukavu kuna wamama wengi wanaosema kwamba maharagi ya kupika kwa makala iko na ladha yake, na kwamba mtu akiipika kwa resho ya umeme wao wanajua mara moja. Tuseme mama mmoja anasema hivyo, na jirani yake hamuamini. Watafanya nini?

Wakimpa sahani moja tu na akajibu sawa, haionyeshi kitu. Hata mtu asiyejua chochote anapata sawa mara moja kwa mbili. Njia nzuri ni hii: wanapika maharagi ileile, chumvi ileile, mafuta ileile, kwenye makala na kwenye resho. Wanaweka sahani nane, nne za makala na nne za umeme, na kuzichanganya bila yeye kuona. Mama anaambiwa: chagua zile nne za makala.

Sasa jirani anaanza na kukataa. Anasema: « Tuchukue kwamba huyu mama hajui kitu, anabahatisha tu. » Hiyo njo wanaita ipotezi sifuri, yaani dhana kwamba hakuna kitu, hakuna tofauti, ni bahati. Ni dhana inayowekwa mbele kusudi ijaribiwe, hata kama hakuna anayeiamini moyoni. Kuchagua sahani nne katika nane kuna njia 70. Njia moja tu ndiyo iko sawa yote. Basi mtu anayebahatisha atapatia zote nne mara moja kwa 70, karibu asilimia 1.4. Mama akizipatia zote, jirani yuko na mambo mawili ya kuchagua: ama aamini kwamba ameona bahati ya ajabu, ama aache ile dhana yake.

Na akipatia tatu, akakosa moja? Wengi watapiga makofi, tatu kwa nne ni nyingi. Lakini kuna njia 16 za kupatia tatu. Ukiongeza ile moja ya kupatia zote, ni 17 kwa 70, karibu mara moja kwa nne. Mtu anayebahatisha anafika pale bila shida. Pengine mama anajua kweli, ila jaribio lile halikuweza kumtofautisha na mtu mwenye bahati.

Mfano huu una asili yake Uingereza. Ronald Fisher, mtu wa hesabu aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, aliuandika katika kitabu chake cha mwaka 1935, yeye akiwa na vikombe nane vya chai na bibi aliyesema anajua kama maziwa yametangulia kumiminwa ama chai. Ni Fisher pia, katika kitabu cha 1925, aliyesambaza ile desturi ya kusema kwamba kitu kinachotokea kwa bahati chini ya mara 1 kwa 20 kinastahili kuangaliwa. Ile 0.05 ambayo wanafunzi wanaikariri kama amri ya Mungu, ilianza kama mazoea ya kazi.

Beni, Novemba 2018

Mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018. Ulipomalizika tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umegusa watu 3,470, na 2,287 kati yao walikufa. Hesabu hiyo iko na jambo moja ambalo watu wanalipita haraka: karibu theluthi moja walibaki hai. Maana yake, mtu yeyote aliyekuja na dawa yoyote, majani, maji ya maombi ama kidonge kutoka nje, angepata mashahidi wa kweli. Katika kila wagonjwa kumi angepata watatu wa kusimama mbele ya watu na kusema « mimi nilipona ». Hawangesema uongo. Ila ushahidi wao haungeonyesha kama ni dawa iliyowaponyesha.

Ndiyo sababu tarehe 20 Novemba 2018 utafiti ulianza Beni, kisha ukafika Katwa, Butembo na Mangina. Uliongozwa na INRB ya Kinshasa, ile taasisi ya profesa Jean-Jacques Muyembe aliyekuwa mmoja wa waganga wa kwanza kufika Yambuku mwaka 1976, pamoja na taasisi ya afya ya Marekani, NIH. Mganga Mkongomani Sabue Mulangu njo jina lake linatangulia kwenye ripoti iliyotoka mwisho wa 2019. Dawa zilikuwa nne: ZMapp, remdesivir, MAb114 na REGN-EB3. Ile MAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995, jambo ambalo Wakongomani wengi hawajaambiwa.

Mgonjwa akiingia, dawa aliyopewa ilichaguliwa kwa kura. Mganga hakuchagua, familia haikuchagua. Jambo hilo liliumiza watu wengi, na si vigumu kuelewa: namna gani mtoto anakufa na ninyi mnapiga kura? Lakini angalia kama mganga angechagua mwenyewe. Angempa yule aliye hoi zaidi dawa anayoiamini zaidi, na dawa nzuri ingeonekana inaua. Ama kinyume chake. Kura inagawa wazee, watoto, waliochelewa na waliowahi, bila kupendelea, na kama mwishoni kuna tofauti, inabaki mambo mawili tu ya kuieleza: dawa, ama bahati ya kura yenyewe. Hakuna aliyepewa maji matupu. Wote walipata mojawapo ya zile dawa, na wote walipata matunzo ya kawaida. ZMapp ndiyo iliwekwa kuwa kipimo cha zingine, sababu wakati ule ndiyo iliyokuwa na matumaini zaidi.

Kazi hiyo ilifanyika katika hali ngumu. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa kwa kufuatana siku chache. Tarehe 19 Aprili mganga wa OMS kutoka Kameruni, Richard Mouzoko, akauawa Butembo ndani ya hospitali. Utafiti uliendelea.

Matokeo ya siku 28 ni haya. Kwa ZMapp, wagonjwa 84 kwa 169 walikufa, karibu asilimia 50. Kwa MAb114, 61 kwa 174, asilimia 35. REGN-EB3 iliingia nyuma kidogo, kwa hiyo ililinganishwa na wale tu wa ZMapp walioingia wakati uleule: 52 kwa 155, asilimia 33.5, dhidi ya 79 kwa 154, asilimia 51. Kwa remdesivir walikufa 93 kwa 175, asilimia 53.

Mfuko wa makaratasi

Jirani asiyeamini anarudi. Anasema: « Dawa zote ni sawa. Wale 61 wangekufa tu, na wale 84 wangekufa tu. Kura ndiyo iliweka wengi upande wa ZMapp. » Ni dhana yake ya sifuri, na inaweza kujaribiwa bila kompyuta.

Chukua ZMapp na MAb114 pamoja: wagonjwa 343, waliokufa 145. Kata makaratasi 343, andika alama kwenye 145, tia vyote ndani ya mfuko, koroga. Chomoa 174 bila kuangalia, uhesabu alama. Kama jirani ana haki, utakuta karibu 74. Mara utapata 70, mara 78. Rudisha, koroga, anza tena. Swali ni moja: mara ngapi mfuko utatoa tofauti kubwa kama ile ya Beni, ambapo zilitoka 61 tu? Jibu la ripoti ni 0.007, yaani karibu mara 7 katika kuchomoa mara 1,000. Kwa REGN-EB3 ni 0.002, mara 2 kwa 1,000. Hiyo namba ndogo njo wanaita p. Mfuko wa jirani karibu hauwezi kutoa kile kilichoonekana, kwa hiyo dhana yake inaachwa.

Lakini hesabu hiyohiyo iliwahi kukataa kutoa jibu, na kwa dawa hiyohiyo ya ZMapp. Katika mlipuko wa Afrika ya Magharibi, ZMapp ilijaribiwa Liberia, Sierra Leone na Guinea, pamoja na mgonjwa mmoja Marekani, na ripoti ikatoka 2016. Waliopata matunzo ya kawaida tu, walikufa 13 kwa 35, asilimia 37. Waliongezewa ZMapp, walikufa 8 kwa 36, asilimia 22. Tofauti ni asilimia 15. Kule Beni, tofauti ya ZMapp na MAb114 ni asilimia 15 vilevile. Na bado watafiti wa Afrika ya Magharibi waliandika kwamba dawa inaonekana kusaidia ila ushahidi haukufika kwenye kiwango walichoweka kabla.

Namna gani tofauti moja inatosha hapa na haitoshi pale? Rudi kwenye mfuko. Makaratasi sasa ni 71, yenye alama 21. Ukichomoa 36, utangojea karibu 11 zenye alama. Wao walipata 8. Tofauti ya alama tatu kwenye mfuko mdogo namna ile inatoka yenyewe bila dawa yoyote, karibu mara 1 katika 5. Mfuko mdogo unarukaruka, mfuko mkubwa unatulia. Afrika ya Magharibi mlipuko uliisha (kwa bahati nzuri, mtu atasema) kabla wagonjwa wa kutosha hawajaingia kwenye utafiti.

Hapa ndipo watu wanakosea zaidi, hata wenye diploma. Waliposikia « ushahidi hautoshi », wengine walielewa « ZMapp haifanyi kitu ». Ni mambo mawili. Parquet ikifunga dosye kwa kukosa ushahidi, haijasema kwamba mwizi hayuko. Haiwezekani pia kuchukua asilimia 22 ya kule na kuiweka kando ya asilimia 50 ya Beni ili kusema ZMapp imeharibika njiani: wagonjwa ni wengine, walichelewa kwa namna nyingine, hawakupigiwa kura pamoja.

Kosa lingine ni kusoma 0.007 na kusema: basi kuna uwezekano wa asilimia 99.3 kwamba dawa ni nzuri. Sivyo. Namba ile inaanza kwa kukubali kwamba dawa zote ni sawa, kisha inauliza kama ni hivyo, matokeo kama haya ni adimu kiasi gani. Haipimi uwezekano wa dawa yenyewe. Tena haisemi dawa inasaidia kiasi gani. Hiyo unaisoma kwenye vifo: 35 badala ya 50 kwa mia. Na haisemi kwamba Ebola imepata dawa ya kuponyesha kila mtu. Zaidi ya mgonjwa mmoja kwa watatu alikufa hata kwa dawa iliyoshinda.

Kila hesabu ya namna hii iko na makosa mawili inayojaribu kuyakwepa, na kulikwepa moja sana kunakaribisha lingine. La kwanza ni kukubali dawa isiyofaa kwa sababu ya bahati. La pili ni kutupa dawa nzuri kwa sababu watu walikuwa wachache. Kwenye kozi zinaitwa kosa la aina ya kwanza na la pili, maneno baridi. Kule Butembo, yote mawili yalikuwa makaburi.

Ndiyo maana uamuzi wa kusimamisha haukuwekwa mikononi mwa waganga waliokuwa wanahudumia. Kulikuwa na kamati ya pembeni iliyoangalia namba kwa siri. Sababu ni hii: mtu akichungulia mfuko kila jioni, akingoja siku moja tofauti itokee ili apige kelele ya ushindi, siku hiyo itafika hata kama dawa ni chai ya rangi. Kwa hiyo sheria ya kusimama inaandikwa kabla. Mpango ulikuwa wagonjwa 725. Tarehe 9 Agosti 2019 walikuwa wamefika 681. Kamati ilichungua wagonjwa 499 ambao habari zao zilikuwa tayari, ikaona mpaka umevukwa, ikaomba kura ya ZMapp na remdesivir isimame. Kuanzia pale wagonjwa wapya walipewa mojawapo ya zile mbili. OMS ilizipendekeza kwa dunia yote Agosti 2022.

Remdesivir, kwa njia, ndiyo ileile iliyosikika sana mwaka 2020 wakati wa Covid. Kushindwa kwake Beni kulihusu Ebola tu.

Ndani ya namba hizo mna kitu kingine ambacho kingefaa kisemwe zaidi vijijini. Wagonjwa walioingia na virusi vichache katika damu, kwa REGN-EB3 walikufa 11 kwa mia na kwa MAb114 karibu 10 kwa mia. Walioingia na virusi vingi, walikufa zaidi ya 60 kwa mia hata kwa dawa zilezile. Kila siku moja ya kukaa nyumbani na homa iliongeza hatari ya kifo, na watafiti walikadiria ongezeko hilo kuwa karibu asilimia 11 kwa siku.

Mpox, na siku ambayo p ilibaki kubwa

Jina la Pamoja Tulinde Maisha lilirudi tena kwa ugonjwa ambao Kivu Kusini inaujua vizuri kuliko Ebola. Tangu Septemba 2023, aina mpya ya mpox ilianza kuenea kutoka Kamituga, mji wa dhahabu wa Mwenga, hadi Bukavu na kuvuka mipaka. Tarehe 14 Agosti 2024 OMS ikatangaza hatari ya kimataifa. Kesho yake, tarehe 15, yakatoka matokeo ya kwanza ya utafiti wa dawa ya tecovirimat, uliofanyika Tunda katika Maniema na Kole katika Sankuru kwa wagonjwa 597. Nusu walipata dawa, nusu walipata kidonge kitupu, kwa kura.

Vidonda havikupona haraka zaidi kwa kiasi cha kuaminika. Waliopata dawa walichukua kama siku 7, waliokosa kama siku 8, na p ilikuwa 0.14: ule mfuko wa makaratasi unatoa tofauti ya namna hiyo mara 14 kwa 100. Vifo vilikuwa asilimia 1.7, bila kujali kama mtu alipata dawa ama kidonge kitupu. Safari hii haikuwa rahisi kusema watu walikuwa wachache, kama ilivyokuwa kwa ZMapp; karibu watu 600 wangetosha kuonyesha msaada mkubwa kama ungekuwako.

Magazeti mengine yaliandika kwamba utafiti umeshindwa. Lakini katika Kongo kwa jumla wakati ule, mpox ya aina ile ilikuwa inaua watu 3.6 kwa mia ama zaidi. Ndani ya utafiti, hata waliomeza kidonge kitupu walikufa nusu ya hapo. Walikuwa wamelazwa hospitalini, wanakula, wanapata maji, vidonda vinaoshwa, magonjwa mengine yanatibiwa. Hapa jirani asiyeamini angeuliza swali lake, na angekuwa na haki: kati ya waliolazwa na waliobaki nyumbani hakuna aliyepiga kura, kwa hiyo hesabu haiwezi kuapa kwamba ni matunzo. Waganga wengi wanaamini hivyo kwa sababu zingine.

Na wale wa Tunda na Kole walikuwa na mpox ya aina ya zamani, ile inayojulikana tangu miaka ya 1970. Aina ya Kamituga haikuwa ndani ya mfuko ule.